Chura Kwanza

Ruwi, saa kumi na moja jioni, mwezi wa sita, lami bado inachemka.
Nikamshusha shangazi mbele ya duka
nililolipita miaka mitatu nikidhani wanauza dawa za nywele.
Bi Ghaniya akashuka, kiatu kimoja akikiburura,
na ndani ya mkoba wake barua ya daktari
imekunjwa mara nne kama hirizi:
sukari, basi. Maziwa mazito, basi. Halua, hata harufu.
"Chai yenyewe si chai tena," alisema njiani.
"Ni maji yaliyopita karibu na majani."

Ndani, baridi. Kiyoyozi kinakoroma.
Rafu mpaka darini, na kwenye rafu mikate ya majani makavu
imefungwa kwa karatasi, mviringo, migumu kama chapati za juzi,
kila mmoja umeandikwa mwaka wake wa kuzaliwa.
Mwenye duka, Bi Qiu, ana Kiarabu cha sokoni
kama cha shangazi,
wakaelewana vizuri kuliko mimi niliyekisomea.

"Hii, cha," akasema, akigonga mkate mmoja.
"Cha nini?"
"Cha."
"Cha nani basi? Malizia, mama. Chako? Changu?"
Nikacheka peke yangu. Sikutafsiri.

Akamega kwa kisu butu,
akatia kwenye kibakuli chenye kifuniko,
maji ya moto, pumzi mbili, tatu,
na yote, yote kabisa, akammwagia chura.

Chura wa udongo, mkubwa kama limau,
amekaa pembeni mwa sinia la mianzi, sarafu mdomoni.
Akameremeta. Mvuke ukamtoka mgongoni.
Shangazi akashika meza: "Astaghfirullah!
Mgeni nipo, nimevaa buibui langu la kutokea,
na chura anatangulia?"

Ya kwanza ya vumbi, akaeleza Bi Qiu. Ya pili ya mtu.

Kikombe kama kifuniko cha chupa ya marashi.
Akakipokea kwa vidole viwili, akanusa
anavyonusa udi dukani kabla hajasema ni wa bandia.
Akanywa. Uso ukajikunja.
"Shubiri."
Cha pili: "Mkeka uliolowa."
Cha tatu hakusema kitu.
Cha nne akakiweka chini, akalamba midomo,
akamtazama Bi Qiu kwa jicho la mtu aliyeibiwa:
"Sukari umeitia wapi?"

Hakuna, hakuna, mikono wazi.
Shangazi akainuka, akafunua birika, akachungulia.
Akafunua kibakuli: majani meusi, yamelegea,
yamekunjuka kama mtoto aliyeamka usingizi wa mchana.
Akamwinua hata chura, akatazama chini yake.
"Upo hapa," akagusa koo, "hapa nyuma.
Mdomoni haukupita.
Umeingia kwa mlango wa uani."

Mkate mzima, riali kumi na nane.
Shangazi akasema saba.
Bi Qiu akacheka, akafunika mdomo, akamimina tena.
Kikombe cha sita kilikuwa cha kumi na tano,
cha nane, cha kumi na tatu na baisa mia tano,
na cha kumi, karibu maji matupu, kikakata maneno:
kumi na tatu, pamoja na chura.
Chura hauzwi.
Haya. Kumi na tatu, na chura abaki kwao.

Garini kiti kinaunguza. Simu yake ikalia,
Thuraiya, binti yake wa Sur. Hakupokea.
Ikalia tena.
"Shangazi, huongei?"
Akatikisa kichwa, midomo ameibana,
akanionyesha koo kwa kidole:
bado.

Taa ikawa kijani, wa nyuma wakapiga honi.
Nikaondoka taratibu,
na kila tuta nikalipanda
kama nimebeba kitu kimejaa mpaka ukingoni.